Mbwa Aliyelala Juu ya Koti

Sehemu ya saba

Barua zenu nimezipata. Mhariri alinikabidhi rundo zima, nami nimezisoma zote mezani, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata tusi. Nayastahili. Lakini kuna mama mmoja hakutukana. Aliandika mstari mmoja tu: "Mbwa tumeelewa. Koti ulilichukua la nini?"

Mama, nitakujibu. Nivumilie kidogo.

Kwa aliyenikosa wiki zilizopita: naitwa Orval Stamper. Msumeno wa kiwanda cha mbao ulinila vidole vitatu, kiwanda kikanifukuza, na kabla jeraha halijakauka sawasawa mke wangu Verna akafariki. Nikabaki na nyumba, pikapu na ukimya.

Ndipo Clete Hobart aliponipa kazi ya kumkusanyia mbwa. Clete huwauza kwa maabara za mjini, wakafanyiwe majaribio. Nilikuwa nasoma gazetini matangazo ya watu wanaogawa mbwa bure, navaa kofia ya kanisani, nawafuata na kuapa kwamba nina shamba kubwa na wajukuu watatu. Mimi sina hata mtoto.

Halafu nikashuka zaidi. Kwetu milimani, mwindaji wa rakuni, kale kanyama ka usiku kenye mkia wa mistari, akimfungulia mbwa wake, mbwa anaweza kupotelea msituni hadi kunakucha. Mwenyewe akichoka kungoja huvua koti, hulitandika pale pale alipomfungulia, kisha huenda zake kulala. Mbwa akirudi hunusa koti la bwana wake, hulala juu yake, na habanduki mpaka afuatwe asubuhi. Koti la namna hiyo haliguswi na mtu. Hata mlevi hulizunguka.

Mimi nililigusa. Wiki iliyopita niliwaachia hapo: Jumanne alfajiri nimemkuta jike mweusi mwenye nyusi za kahawia amelala juu ya koti kule bondeni, nimembeba hadi kwa Clete, nimetia sahihi karatasi, nimerudi nyumbani na koti begani. Nikaligeuza ndani nje nikaona bitana imeshonwa kwa mkono wa Verna. Niliwaambia kwamba hapo ndipo nilipotambua koti ni la nani na mbwa ni wa nani. Koti la Elzie Cantrell. Mbwa wake, Trudy.

Elzie ndiye binadamu pekee aliyekuwa bado anakuja kunitazama.

Sasa endeleeni nami.

Jumatano asubuhi, kahawa haijachemka, mlango ukagongwa.

"Orval! We mzee, umeamka?"

Nililichukua koti kitini nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa, unalifunika. Nikafungua.

Elzie alikuwa amesimama barazani akivuta pumzi kwa tabu. Mgodi wa madini ya risasi ulimharibu kifua miaka mingi iliyopita, na kupanda ngazi zangu nne kwake ni safari.

"Trudy hajarudi," akasema.

"Atarudi. Si unawajua mbwa hawa?"

"Tangu juzi, Orval. Na koti halipo."

"Halipo vipi?"

"Halipo! Nimelitandika kwa mikono yangu chini ya ule mti wa jozi, asubuhi nafika, hakuna koti, hakuna mbwa. Vaa viatu twende. Macho yangu haya siyaamini tena, labda wewe utaona nisichokiona."

Nikavaa viatu. Ningefanya nini? Nilifunga mlango haraka nyuma yangu, nikamfuata kwenda kutafuta mbwa niliyemwiba mimi.

Chini ya mti wa jozi kulikuwa na sweta yake, ameitandika badala ya koti. Majani yalikuwa bado yamelala pale Trudy alipokuwa. Elzie aliketi kwenye gogo, nami nikaketi kando yake. Alikuwa na shati tu, na asubuhi ile maji yalikuwa yameganda ndooni.

"Chukua jaketi langu," nikamwambia.

"Achana na mimi. Huyo aliyechukua koti ndiye namtaka. Hivi mtu ana akili gani? Koti lenyewe kiwiko kimetoka nje!"

"Labda mbwa ameibwa," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Labda nilitaka yeye alitaje jina langu, lisitoke kinywani mwangu.

Elzie akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. "Trudy aibwe? Na nani? Huyu alimng'ata mchungaji, mchungaji mwenye biskuti mkononi! Hamfuati mtu asiyemjua. Anatufuata mimi na wewe, basi."

Nilitazama viatu vyangu.

"Unajua kinachoniuma?" akaendelea, na sasa hakuwa akicheka. "Alirudi, Orval. Najua alirudi. Alirudi amechoka, akanusa pale, hakukuta koti. Basi akaona nimemtupa. Sasa hivi yuko mahali anajiuliza kanikosea nini."

Nimewahi kupigwa ngumi, nimewahi kukatwa na msumeno. Maneno yale yaliniuma kuliko vyote, na sikuweza hata kusema yananiuma.

Tulikaa pale hadi jua likatoka. Tulipokuwa tunarudi aliniuliza, "Wewe unasoma magazeti. Kuna sheria mpya, sivyo? Hawa wauza mbwa lazima wawaweke siku kadhaa kabla hawajawapeleka maabara, ili mwenye mbwa apate kumfuata."

"Sina habari nayo," nikajibu.

Nilikuwa nayo. Niliijua ile sheria neno kwa neno, maana Clete alitusomea sisi wakusanyaji wake wote, tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Muuzaji awe na leseni. Aandike jina la aliyemletea mbwa na namba ya gari lake. Amweke siku tano za kazi kabla ya kumwachia. Serikali ilikuwa imechoshwa na vilio vya watu wanaoibiwa mbwa wao, ikatunga sheria hiyo kwa ajili ya watu kama Elzie. Na dhidi ya watu kama mimi.

Alhamisi nikaenda kwa Clete.

Nilimkuta akimwaga maji kwenye vizimba, buti hadi magotini, leseni yake mpya ameitia kwenye fremu na kuitundika mlangoni kama picha ya harusi.

"Karibu, karibu! Mtu wangu mwenye bahati!" akasema. "Yule jike wa juzi ni mbwa hasa. Kifua kipana, mpole, hapigi kelele. Maabara wanataka wakubwa wapole ishirini, na yeye ndiye wa ishirini."

"Clete, namtaka."

"Unamtaka nini?"

"Namtaka arudi. Kumetokea makosa."

Akaufunga mpira wa maji. "Makosa gani, Orval? Karatasi uliisaini mwenyewe. 'Amezaliwa na kulelewa nyumbani kwangu.' Hayo ni maneno yako."

"Uliyaandika wewe!"

"Sahihi ni yako."

"Nitakupa chochote. Chukua pikapu."

"Pikapu lako halina hata breki. Sikia, mimi sasa ni mtu wa leseni. Mbwa hatoki hapa kienyeji. Mkaguzi wa serikali anakuja Jumatatu, saa tatu. Njoo umwambie: 'Daktari, mimi ni mwizi, mbwa huyu nimemwiba.' Atakufungulia kizimba kwa mikono yake!" Akacheka mpaka akashika tumbo. Alijua sitakuja.

Trudy alikuwa kizimba cha tatu. Aliponiona alisimama, akatia pua kwenye wavu na kutikisa mkia. Laiti angebweka. Alinitazama kama mtu anayetazama jamaa yake aliyekuja kumchukua, kisha nikaondoka, na nilisikia mkia wake bado unagonga ubao.

Njiani nilihesabu siku kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia vidole havitoshi. Nilimleta Jumanne. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hazimo, Jumatatu, Jumanne. Nilikuwa na muda. Nikajiambia nitamweleza Elzie kesho.

Kesho ikawa Ijumaa, sikumweleza. Nilifika hadi getini kwake. Nilimwona kwa mbali anatoka na blanketi chini ya kwapa, anaelekea bondeni. Nikageuza gari.

Jumamosi sikutoka kabisa.

Jumapili ndiyo siku yake ya kuja kwangu. Kila Jumapili, tangu wiki ile tuliyomzika Verna, Elzie huja saa nne asubuhi kucheza drafti. Hajui kucheza. Huiba kete nikigeuka kumwaga kahawa, na mimi hugeuka makusudi. Nilipanga ubao. Nikaweka vikombe viwili, nikapasha mkate wa mahindi. Saa nne ikafika, saa tano ikafika.

Nilijua alipo. Amekaa kwenye gogo anamngoja mbwa.

Nikacheza mwenyewe, huku na huku. Upande wa Elzie ulinishinda mara mbili. Kisha nikalitazama lile koti kwenye msumari, nikaona wazi kabisa mwisho wangu: meza hii, ubao huu, kikombe kimoja, kila Jumapili hadi nife. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata msumeno ulipokuwa unanikata.

Lakini usinisifu, msomaji. Hofu ndiyo iliyonipeleka kwa Clete siku iliyofuata. Ujasiri haukuwepo.

Jumatatu saa tatu kasoro nilikuwa nimesimama langoni kwa Clete, nimenyoa ndevu. Mkaguzi alikuwa amefika, daktari wa mifugo, mwembamba, jina lake Amsler, na ubao wa kuandikia kifuani. Clete aliponiona kicheko kilimkauka.

"Daktari," nikasema kabla ulimi haujanigeuka, "kuna mbwa hapa nimemleta mimi. Jike mweusi. Niliandika kwamba nimemlea. Ni uongo. Nilimwiba."

"Amelewa huyu," Clete akadakia.

"Sijaonja kitu. Nilimchukua juu ya koti la mwindaji."

Daktari yule alikuwa mtu wa milimani. Aliposikia neno koti aliinua uso, akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda, lakini ilikuwa haki yake.

"Juu ya koti?"

"Juu ya koti, daktari."

"Na mwenye mbwa ulimjua wakati unamchukua?"

Swali lile lilinifika mahali ambapo hata nyinyi sikuwaruhusu mfike.

"Nilimjua," nikasema.

Ndiyo. Wiki iliyopita niliwaambia sikumjua Trudy mpaka nilipoiona bitana. Niliwadanganya, na mhariri nilimdanganya pia. Nilimjua kwa mbali, kabla sijashuka garini. Naye alinijua. Ndiyo maana hakubweka. Alinilamba mkono nikiwa namfunga kamba.

Kwa nini nilifanya hivyo? Clete alikuwa amebakiza mmoja kutimiza ishirini, hilo ni kweli, lakini silo jibu. Nilimkuta pale amejikunja, ametulia, ana hakika kabisa kwamba kuna mtu atakuja kumchukua. Nikashikwa na wivu. Mbwa ana mtu, na Elzie ana mbwa. Mimi ningelala bondeni mle mwezi mzima asingekuja wa kuniuliza hali. Nikataka, kwa dakika moja tu, awepo mwingine duniani wa kukaa kama ninavyokaa mimi. Dakika moja ilitosha.

Na koti, mama uliyeuliza? Verna alilitia bitana mpya majira ya kupukutika majani, mwaka wake wa mwisho. Elzie alimletea samaki wawili kama shukrani. Ndiyo nguo ya mwisho aliyoishona Verna, baada ya hapo mikono ilikataa. Kwangu hakuacha kilichoshonwa ambacho sijakichakaza. Nilitaka kulala nalo usiku mmoja. Nimelala nalo sita.

Daktari Amsler aliandika yote. Hakunipa pole wala hakunitukana. "Twende tukamwone," akasema.

Kizimba cha tatu kilikuwa kitupu. Sakafu ilikuwa imeoshwa, bado inachuruzika maji.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Clete aliinua mabega. "Kaondoka na lori saa moja."

"Kaondoka? Siku tano hazijatimia!"

"Hazijatimia vipi? Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nimekosea kuhesabu?"

"Siku za kazi, Bwana Hobart," daktari akasema polepole. "Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi."

"Mimi mbona nafanya kazi kila siku, daktari?"

Daktari hakucheka. Alivua ile fremu mlangoni, leseni na kioo chake, akaitia kwapani. Nilidhani ningefurahi. Nilikuwa nikitazama bakuli la maji la Trudy, limepinduliwa kukauka.

Saa moja. Mimi saa moja nilikuwa mbele ya kioo nanyoa ndevu, ili niungame nikiwa nadhifu.

"Nisikilize," daktari akanishika bega. "Sheria inamlazimu aandike alikompeleka, na ameandika. Hii hapa, jina la maabara na mtaa. Nitawapigia simu. Lakini hawatamwachia mbwa kwa maneno ya mwizi, wala kwa simu yangu. Mwenye mbwa aende mwenyewe, akiwa na ushahidi kwamba ni wake, na mbwa amtambue mbele yao. Wataanza kazi juu ya kundi hili kesho saa sita mchana."

"Kesho?"

"Kesho. Ni mwendo wa saa saba kwa gari. Nenda kamwambie mwenyewe sasa hivi."

Akanipa karatasi, nikaitia mfukoni mwa shati, nikaendesha lile pikapu lisilo na breki kwa kasi ambayo sitaiandika hapa. Njia nzima nilikuwa najifunza la kusema. Elzie, kaa chini. Elzie, kuna jambo. Elzie, Trudy hadhani umemtupa, anadhani mimi ndiye niliyekuja kumchukua.

Nilikuwa nimeazimia kwenda moja kwa moja kwake. Sikuhitaji. Nilipopita kona niliona mtu ameketi kwenye ngazi zangu.

Alikuwa Elzie. Kando yake palikuwa na sufuria ya maharage, imefunikwa kwa kitambaa. Juu ya magoti yake palikuwa na koti.

Nilizima injini. Nikashuka. Hatukusalimiana.

"Nilikuletea maharage," akasema. "Jana sikuja, nikaona si vizuri, utakuwa umeningoja. Nikaingia kuyaweka ndani. Kulikuwa na baridi, nikaufunga mlango."

"Elzie..."

"Subiri, bado namaliza. Unajua nilifurahi? Nilipoliona tu, nilifurahi. Nikasema, Orval kalipata! Kalipata koti, pengine na Trudy kampata, kamficha mahali, anataka kunishtua yule mzee. Nikaja nikakaa hapa nje, nikakungoja uje unishtue."

Alikohoa kwa muda mrefu. Nilitaka kumpiga mgongo taratibu kama ninavyofanya siku zote. Mkono wangu ukabaki hewani.

"Nimekaa sana," akasema. "Na mtu akikaa sana anakumbuka mambo. Nikakumbuka Trudy huwafuata watu wawili tu."

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, juu ya moyo. Mwendo wa saa saba. Kesho saa sita mchana. Kila dakika niliyonyamaza ilikuwa inakatwa kutoka kwenye maisha ya Trudy, nami nililijua hilo, na kinywa hakikufunguka. Maana nikishasema, Jumapili zimekwisha.

Elzie alisimama kwa tabu akishikilia nguzo. Akalitikisa koti mara moja, akalitandika kwenye ngazi ya juu, bitana juu, mishono yote ya Verna nje. Akaketi juu yake, akaweka mikono magotini.

"Haya," akasema. "Mimi siondoki hapa mpaka mtu aje aniambie."